Jinsi ya Kupima Akili ya Mwenzako na Kupata Jibu Ulilokuwa Nalo Tangu Mwanzo

Kazi ya kupima akili za watu haitaki mtaji mkubwa. Karatasi, penseli, saa ya kuhesabu dakika, meza isiyoyumba na uso usiocheka. Basi, umefungua ofisi. Wengi huishindwa kazi hii kwa sababu wanaanza na maswali. Wanakesha wakitunga, wanawagawia watu, halafu wanakaa kusubiri waone nani ataibuka mwerevu. Hiyo si kupima, ni bahati nasibu. Mpimaji aliyekubuhu huanza na majibu. Anajua mapema nani ana akili na nani hana, ndipo anatafuta maswali yatakayomuunga mkono.

Mwongozo huu ni wa kila anayetaka kuingia fani: afisa utumishi aliyeletewa maombi mia nne kwa nafasi mbili, mwenye shule binafsi anayesaili watoto wa miaka minne, shemeji aliyepakua programu kwenye simu na sasa anatangaza katika kundi la familia kwamba yeye ni 148. Nyote karibuni. Fani ina zaidi ya miaka mia moja, na wazee wake wametuachia mbinu ambazo hazijachakaa.

Kwanza, achana na mafuvu

Kishawishi cha kupima kichwa chenyewe ni kikubwa, maana kichwa kipo, kinashikika, na kikishakauka hakibishi. Samuel Morton, daktari wa Philadelphia katika karne ya 19, alikusanya mafuvu kwa mamia, akayajaza mbegu za haradali, akazimwaga, akazipima ujazo. Mbegu zilipompa majibu yanayoyumba akahamia kwenye vigololi vya risasi. Wazungu wakatokea juu na Waafrika chini, na hakuna aliyeshangaa, hasa yeye. Kasoro ya mbinu hii ni kwamba mteja lazima afe kwanza.

Francis Galton, Mwingereza na binamu wa Charles Darwin, aliirekebisha kasoro hiyo. Mwaka 1884, kwenye maonyesho ya afya jijini London, alifungua chumba cha vipimo. Watu zaidi ya 9,000 wakapita, kila mmoja akatoa peni tatu, wakapimwa macho, masikio, pumzi na nguvu ya kiganja. Galton aliamini kwamba mwenye akili nyingi huwa pia na hisi kali. Imani hiyo haikufika mbali, lakini wewe zingatia zile peni tatu. Kipimo cha bure hubishiwa. Kilicholipiwa hutundikwa ukutani.

Kwetu Afrika Mashariki fani ilifika mapema. Nairobi, miaka ya 1930, daktari H. L. Gordon wa hospitali ya Mathari, pamoja na F. W. Vint aliyekuwa akipima ubongo wa Waafrika waliofariki, walitangaza kwamba ubongo wa Mwafrika wa Kenya ni pungufu ukilinganishwa na wa Mzungu. Walowezi walikuwa wamekwisha kuyachukua mashamba, kwa hiyo sababu ilikuja baada ya tendo, lakini sababu haikataliwi hata ikichelewa. Gordon akaiomba serikali ya Uingereza igharamie uchunguzi mkubwa zaidi. Serikali ikaona heri ikae na fedha zake. Kosa la Gordon lilikuwa kuomba hela. Maoni ya namna ile hupokelewa vizuri yakiwa ya bure.

Jihadhari na Binet

Katika ukoo wa wapimaji kuna mtu mmoja wa kumkwepa, na kwa bahati mbaya ndiye baba wa ukoo. Alfred Binet alikuwa mwanasaikolojia wa Paris. Serikali ya Ufaransa ilitaka kujua ni watoto gani wanaoachwa nyuma katika darasa la kawaida, na mwaka 1905 yeye na mwenzake Théodore Simon wakatoa kazi 30 zilizopangwa kutoka nyepesi hadi ngumu. Ya kwanza ilikuwa kufuata kwa macho njiti ya kiberiti inayowaka. Mbele zaidi mtoto alitakiwa kutaja vitu kwenye picha, kurudia tarakimu alizosomewa, na kadhalika.

Mpaka hapo hakuna ubaya. Shida ilianza Binet alipofungua mdomo. Alisema kazi zile ni za kumtambua mtoto anayehitaji kusaidiwa, si za kupanga watu safu. Alisema alama ya leo si hukumu ya kesho. Akawalaumu walimu waliozoea kusema fulani hana akili kisha wakamwacha akae nyuma ya darasa, na, kana kwamba hajaharibu vya kutosha, akabuni mazoezi ya kumwinua mtoto huyo huyo, pamoja na mchezo wa kuganda kama sanamu ili ajifunze kutulia. Mtu kama huyu anaua soko. Ukimfundisha mteja akapanda, utampima nini tena? Bahati ya fani ni kwamba Binet alifariki mwaka 1911, akiwa na miaka 54, na kazi ikachukuliwa na watu wenye uelewa wa biashara.

Mwaka 1912 Mjerumani William Stern akapendekeza umri wa akili ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa. Mwaka 1916 Lewis Terman wa chuo kikuu cha Stanford akazidisha kwa 100 ili kuondoa desimali, na hapo ndipo ile namba ambayo dunia nzima inaiita IQ ilipoota miguu. Mtoto wa miaka minane akijibu kama wa miaka kumi, unachukua 10, unagawa kwa 8, unazidisha kwa 100, unapata 125. Mama mtu anapokea karatasi kwa mikono miwili.

Hesabu hiyo iligoma kwa watu wazima, maana mtu wa miaka 40 anayejibu kama wa miaka 50 sijui anatudai nini. Kwa hiyo siku hizi unalinganishwa na wa rika lako: wastani umepachikwa jina la 100, na karibu theluthi mbili ya watu wanaangukia kati ya 85 na 115. Maana yake namba hiyo ni nafasi kwenye foleni, si uzito kwenye mizani. Mwenye 140 hana akili maradufu ya mwenye 70, kama vile wa kwanza darasani hana elimu mara ishirini ya wa ishirini. Hili usimwambie mteja. Yeye ameona tarakimu tatu, na mwenye tarakimu tatu haulizi ni tatu za nini.

Kutunga swali lisilojibika

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na walimu wetu wakuu ni jeshi la Marekani. Lilipoingia Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917, mwanasaikolojia Robert Yerkes na wenzake waliwapima wanajeshi wapya wapatao milioni 1.75. Wanaojua kusoma walipewa mtihani wa maandishi, wasiojua wakapewa wa picha. Lengo, kwa maneno yao, lilikuwa kupima akili ya kuzaliwa nayo, isiyotegemea shule wala makuzi. Basi tazama akili ya kuzaliwa nayo ilivyoulizwa. Crisco ni: dawa ya dukani, dawa ya kuulia vijidudu, dawa ya meno, au chakula? Christy Mathewson ni maarufu kama: mwandishi, msanii, mchezaji wa besiboli, au mchekeshaji?

Kwa faida ya msomaji wetu, Crisco ni mafuta ya kupikia, ndugu wa Kimbo. Mathewson alirusha mpira. Kwenye mtihani wa picha kulikuwa na uwanja wa tenisi usio na wavu, na gramafoni isiyo na pembe lake. Mtu alitakiwa kuchora kilichokosekana, haraka, kwenye ukumbi uliojaa, akiwa ameshika penseli pengine kwa mara ya kwanza. Kijana aliyetoka juzi kijijini Sicily alipaswa kuzaliwa akijua tenisi ina wavu.

Majibu yalipojumlishwa, wastani wa umri wa akili wa mwanajeshi mweupe ukawa miaka 13. Mtu wa kawaida angesema mtihani una kasoro. Fani ikasema taifa lina kasoro. Huo ndio ujasiri ninaotaka uwe nao.

Palikuwa na tatizo dogo. Wahamiaji waliokaa Marekani miaka mingi walifanya vizuri kuliko waliokaa michache. Kadiri mtu alivyozidi kukaa ndivyo alama zilivyozidi kupanda. Mtu mwepesi angedhani kwamba Marekani yenyewe ndiyo inayofundisha Crisco. Carl Brigham wa chuo kikuu cha Princeton hakuwa mwepesi. Katika kitabu chake cha mwaka 1923 alieleza kwamba waliotangulia kuja walikuwa wa damu bora na waliofuata wa damu hafifu. Mwaka 1924 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwabana wahamiaji wa kusini na mashariki mwa Ulaya. Sheria ile ilikuwa na wapishi wengi, sitasema Brigham ndiye aliyeshika mwiko. Mwaka 1930 akaandika kwamba ulinganishaji ule, pamoja na wa kwake, haukuwa na msingi. Kutubu kunaruhusiwa kabisa katika fani, mradi usitubu kabla sheria haijapita.

Mwenzake Henry Goddard alikuwa amekwenda mbele zaidi. Mwaka 1913 alituma wanawake wawili kisiwani Ellis, kwenye lango la New York, mmoja wao kazi yake ikiwa kuwatazama wahamiaji wanaopita na kuwateua kwa macho. Waliochaguliwa walikuwa wametoka safari ya bahari ndefu, wengi wao daraja la tatu, hawajui Kiingereza, wanazungumziwa na mkalimani. Wakaambiwa watazame umbo kwenye karatasi, likaondolewa, wakachore walichokiona. Goddard akachapisha kwamba asilimia 83 ya Wayahudi aliowapima, 80 ya Wahungari, 79 ya Waitaliano na 87 ya Warusi ni punguani. Wayahudi waliopimwa walikuwa 35. Wahungari 22. Ukitaka kuhukumu taifa zima, watu ishirini na wawili wanatosha, mradi uwapime wakiwa wamechoka.

Ukitaka kuona swali linavyofanya kazi, ligeuze upande wa pili. Mwaka 1972 Robert Williams, mwanasaikolojia Mmarekani mweusi, alitunga mtihani wa maswali 100 kwa misamiati ya mitaa ya Wamarekani weusi. Weusi wakawaacha weupe mbali. Miaka saba baadaye mahakama moja huko California ilizuia mitihani ya akili isitumike kuwapeleka watoto weusi kwenye madarasa ya wenye ulemavu wa akili, maana walikuwa wamejazwa huko kupita idadi yao. Nami kwa heshima ya Williams nimeandaa mtihani mfupi wa akili ya kuzaliwa nayo, usiotegemea shule wala makuzi, ambao profesa yeyote wa Stanford aliyeshuka uwanja wa ndege asubuhi hii anaweza kuufanya.

Swali la 1. Mko ugenini. Mwenyeji anakukaribisha wali. Mama yako anatabasamu na kusema, "Kula mwanangu, kama una njaa," lakini macho amekukazia. Una njaa. Jibu sahihi ni: (a) Asante, nitakula. (b) Asante, nimeshiba. (c) Wali wa nini?

Swali la 2. Fundi cherehani amesema, "Njoo Ijumaa." Siku ya Ijumaa nguo itakuwa: (a) imekamilika. (b) imebaki vifungo. (c) bado ni kitambaa.

Swali la 3. Mwenye nyumba amekuja saa moja asubuhi, amekataa kiti, na anasifia jinsi watoto walivyokua. Amekuja kuzungumzia: (a) watoto. (b) kodi. (c) kodi mpya.

Swali la 4. Kamilisha mfuatano: "Nipo njiani", "Nimefika Ubungo", "Nawaona hapo", ______. (a) "Nimefika." (b) "Nakuja." (c) Namba unayopiga haipatikani.

Dakika mbili. Hakuna kuuliza.

Usimruhusu mtoto ashike kitu chake

Hili ni la kulikazia. Nenda uchochoro wowote wa Tandale au Kibera utamkuta mtoto wa miaka tisa anakunja waya. Anatengeneza lori. Chasisi ameshaisimamisha, magurudumu ameyakata kwenye kandambili zilizochoka, na kutoka kwenye ekseli ya mbele ameinua waya mrefu hadi usawa wa kifua, juu yake usukani, ili akimbie nalo wima bila kuinama. Akikata usukani kulia, matairi ya mbele yanakata kulia. Hana mchoro wala kipimo, na lori la kweli aliliona likipita na vumbi lake. Sasa mkalishe mezani, mpe penseli na karatasi, mwambie achore gari. Atachora kisanduku na miduara miwili. Andika: chini ya wastani. Mruhusu aende.

Robert Serpell, aliyefanya kazi Zambia miaka mingi, alikaribia kuuharibu utaratibu huu. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1979 aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ya kuiga maumbo kwa vifaa mbalimbali. Kwa karatasi na penseli, Waingereza wakashinda. Kwa waya, Wazambia wakashinda. Kwa udongo wa kufinyanga wakatoka sare. Watoto ni wale wale, macho na vichwa ni vile vile. Kilichobadilika ni kilichokuwa mkononi. Ukiwa mpimaji makini, waya usiruhusiwe ukumbini.

Liberia nako ilitokea fedheha. Watafiti, miongoni mwao Michael Cole na Joseph Glick, waliwawekea wakulima wa Kikpelle vitu ishirini, kuna vyakula, nguo, zana na vyombo, wakawaomba waweke pamoja vinavyokwenda pamoja. Wakulima wakaweka kisu na chungwa, jembe na kiazi. Kitabu kilitaka chungwa na kiazi, kwa kuwa vyote ni vyakula. Wakulima wakaeleza kwamba hivi ndivyo apangavyo mtu mwenye busara, na ukweli ni kwamba mimi pia nikipewa chungwa nitatafuta kisu. Mwishowe mtafiti, ameshachoka, akauliza: je, mpumbavu angepangaje? Hapo hapo wakavipanga: vyakula huku, zana kule, nguo kwake, vyombo kwake. Pasipo kukosea hata kimoja. Somo: swali hilo la mwisho usiliulize kamwe.

Na Usenge, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, kundi la mwanasaikolojia Robert Sternberg, akiwemo Frederick Okatcha, liliwauliza watoto wa kati ya miaka 12 na 15 kuhusu dawa za miti shamba: hii inatibu nini, inatoka mti gani, inatumiwa vipi. Watoto wa kule wanazijua dawa hizo kwa sababu wanaumwa mara kwa mara na ndugu zao wanaumwa, na kituo cha afya kiko mbali. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalikwenda kinyume na mazoea: aliyezijua zaidi dawa alielekea kupata pungufu kwenye majaribio ya kishule. Mtoto mmoja kichwa chake kimewekezwa darasani, mwingine kimewekezwa porini, na kila mmoja ni mjinga kwenye karatasi ya mwenzake. Bahati nzuri karatasi ya porini haina ofisi Nairobi.

Kosa la Bagamoyo

Ningeweza kuliacha, lakini limetokea kwetu na vijana wa fani wanapaswa kuonywa. Watafiti wa kundi hilo hilo la Sternberg, wakiwa na Watanzania, walikwenda kwenye shule za msingi karibu na Bagamoyo na kuwapa watoto wapatao 350 mafumbo: kupanga kadi kwa makundi, kufikia hitimisho kutokana na kauli mbili, kubahatisha kitu kwa kuuliza maswali yasiyozidi ishirini. Hadi hapo ni kazi safi. Kisha, sijui ni jua la pwani, wakawachukua baadhi ya watoto wakawaonyesha namna mafumbo kama yale yanavyofumbuliwa. Si muhula mzima, jamani. Chini ya saa moja.

Wakapimwa tena. Alama za waliofundishwa zikapanda. Ubaya zaidi, hazikupanda kwa usawa: orodha ya mwanzo haikukubaliana vizuri na orodha ya mwisho, wapo waliokuwa mkiani wakaruka, wapo waliokuwa juu wakabaki walipokuwa. Kwa wale wasiofundishwa, mpangilio ulibaki karibu ule ule. Hebu fikiria mwenye shule binafsi ambaye tayari amekwisha kubandika majina ya waliokataliwa getini, kisha anaambiwa angekaa na watoto wale dakika arobaini tu angekuwa na majina mengine. Ada ya fomu angewarudishia nani? Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Nashukuru kwamba sijaona shule inayoyanukuu kwenye bango lake.

Saa, tumbo na fedha

Usipime mtu aliyeshiba. Mwaka 2013 zilichapishwa habari za wakulima 464 wa miwa huko Tamil Nadu, India. Walipewa mafumbo ya maumbo kabla ya mavuno, wakiwa na madeni na mifuko mitupu, na wakapewa tena baada ya mavuno, wakiwa wamelipwa. Mkulima yule yule, kichwa kile kile, baada ya mavuno alifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo ukitaka walioomba kazi washindwe, waite tarehe ishirini na sita, saa nane mchana, mbali na kituo cha daladala. Ukitaka mpwa wako ashinde, mwite tarehe mbili na umpe chai kwanza.

Saa ya kuhesabu dakika ni muhimu vilevile, hasa kwa watu waliolelewa kutafakari kabla ya kujibu. Mtafiti Mallory Wober alipowauliza wanakijiji wa Kiganda huko Uganda, walimweleza mtu mwenye akili kuwa ni mtulivu, makini, asiyekurupuka. Mtu kama huyo mpe maswali sitini kwa dakika ishirini. Ataishia la kumi na mbili, akiwa ameyajibu yote kumi na mbili sawasawa.

Wapo watakaokusumbua kwa akili iliyopita kiasi. Robert Jordan aliomba upolisi katika mji wa New London, Connecticut, akapata 33 kwenye mtihani wao. Mji uliwaita kwenye usaili waliopata kati ya 20 na 27 tu, kwa hofu kwamba mwenye akili nyingi atachoshwa na lindo na ataacha kazi. Akashtaki, na mwaka 2000 akashindwa rufaa. Upande wa pili, Terman alipokuwa akikusanya watoto wenye vipaji adimu California, kuanzia mwaka 1921, alipata zaidi ya 1,500 na akawaacha wavulana wawili ambao alama zao hazikutosha. Walikuwa William Shockley na Luis Alvarez. Wa kwanza alipata Nobel ya fizikia mwaka 1956, wa pili mwaka 1968. Katika wale waliochaguliwa hakuna aliyeipata.

Takwimu zikikukatalia kabisa, yupo mwanasaikolojia Cyril Burt wa Uingereza, aliyepewa cheo cha Sir mwaka 1946. Alichapisha habari za mapacha waliolelewa nyumba tofauti, jozi 21, kisha zaidi ya 30, kisha 53, na kila mara ufanano wa akili zao ukatoka 0.771. Jozi zinaongezeka, namba haitikisiki hata desimali ya tatu. Leon Kamin wa Princeton aliligundua hilo Burt akiwa ameshafariki. Wapo wanaomtetea hadi leo kwamba ulikuwa uzembe tu.

Sehemu hii unaweza kuiruka

Mhariri amesisitiza iwepo. Mitihani ya akili inapima kitu. Mwaka 1932 Scotland iliwapima karibu watoto wake wote waliozaliwa mwaka 1921, zaidi ya 87,000, na miongo mingi baadaye Ian Deary na wenzake waliwatafuta waliobaki hai. Waliofanya vizuri wakiwa na miaka 11 walielekea kuishi zaidi, na wengi walipopimwa tena uzeeni walikuwa bado karibu na nafasi zao. Mitihani hii hutabiri alama za shule kiasi cha haja, jambo lisiloshangaza kwani Binet aliitunga kwa ajili ya shule. Wanaosema haina maana yoyote wanajirahisishia mambo.

Tena imefanya kazi za heshima ilipoulizwa swali jingine kabisa. Mwaka 1979 Herbert Needleman alikusanya meno ya utoto ya wanafunzi wa karibu na Boston, akapima risasi iliyomo, akaonyesha kwamba wenye risasi nyingi walipata alama za chini. Ushahidi wa namna hiyo ulisaidia kuiondoa risasi kwenye petroli. Alama za chini ndizo zilizoonyesha pia hasara ya kukosa madini joto tumboni mwa mama. Hapo namba ilimuuliza mwenye mamlaka: ni nini kinawadhuru hawa watoto? James Flynn wa New Zealand naye alionyesha kwamba katika nchi nyingi alama zilipanda karibu pointi tatu kila muongo wa karne ya 20. Hata Embu, Kenya, kati ya 1984 na 1998 watoto wa vijijini walipanda sana. Damu haibadiliki kwa miaka 14. Lishe, shule na wazazi waliosoma hubadilika. Au basi tukubali kwamba babu zetu, waliojua nyota za kusafiria na kesi za mirathi za vizazi vinne, walikuwa punguani.

Swali jingine ni pale namba inapokata. Florida ilikuwa imeweka mstari kwenye 70: aliyepata zaidi ya hapo hahesabiwi kuwa na ulemavu wa akili, na anaweza kuuawa kwa hukumu. Freddie Lee Hall, aliyehukumiwa kifo, alikuwa na 71. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema mtihani wenyewe unakiri kuwa una kosa la pointi kadhaa juu na chini, na mtu hawezi kufa kwa pointi moja ya kipimo kinachoyumba kwa pointi tano. Majaji watano walikubali. Wanne walikataa.

Sasa turudi kazini.

Ukiulizwa ulichokipima

Siku moja mzazi mkorofi atakuja na karatasi mkononi akuulize: mwanangu mmempima nini hasa? Jibu liko tayari tangu mwaka 1923, alipoliandika Edwin Boring wa Harvard: akili ni kile kinachopimwa na mitihani ya akili. Litamke taratibu, kwa sauti ya chini, kisha funga faili. Asiporidhika, mwambie matokeo ni siri ya kitaalamu. Akiomba ukae wewe ufanye mtihani huo mbele yake, mwambie kwamba mtunzi haruhusiwi kwa kuwa ameshayaona maswali, jambo ambalo, kwa kweli, ndilo pekee utakalokuwa umesema sawasawa siku hiyo.

Majibu ya mtihani: la 1 ni (b), la 2 ni (c), la 3 ni (c), la 4 ni (c). Kila jibu sahihi lina alama 40. Aliyepata 160 apewe cheti, chenye mhuri, kwa ada. Aliyepata sifuri anaweza kuwa profesa mzuri tu huko kwao. Rufaa hazipokelewi, isipokuwa za swali la pili. Hizo zipelekwe kwa fundi, Ijumaa.